Mstari Niliouficha Kwenye Maelezo ya Programu

Nisiwazungushe. Kosa ni langu, na nililifanya nikiwa na akili zangu timamu. Sikulazimishwa na mtu wala sikuwa nimelewa. Nililifanya kwa kiburi, na kidogo kwa kupenda kuku.

Jina sitaji. Mji wetu wa Garsen ni mdogo, hata nikisema duka langu liko upande gani wa barabara mtanijua, na kuchekwa nimeshachekwa vya kutosha.

Mimi ni fundi wa simu na kompyuta. Kuandika programu nilijifundisha mwenyewe kwa kutazama video, siku ambazo wateja hawaji. Sasa, baada ya mafuriko kuwasombea watu mpunga wao, nikaandika kiprogramu. Kazi yake ni rahisi. Kuna mtu huko juu ya mto anayesoma kipimo cha maji na kutuma namba kwa meseji. Programu inaipokea, inapiga hesabu maji yatafika kijiji gani baada ya muda gani, kisha inawatumia wakulima wa kijiji hicho meseji: maji yanakuja, vuneni.

Nikaifunga vizuri kuwa kifurushi, nikaiweka mtandaoni bure. Kijiji chochote chenye kompyuta kuukuu na modemu kingeweza kuichukua na kuweka majina ya watu wake. Jamani, nilisifiwa! Nilivimba kichwa mpaka kofia ikanibana.

Lakini kifurushi cha programu hakiendi peke yake. Lazima kiwe na maelezo: anza hapa, andika hivi, na mfano wa mistari ambayo mtu atainakili kama ilivyo. Maelezo yangu ya kwanza yalikuwa mazuri, nasema kweli. Mtu aliyejua kusoma aliweza kuyafuata. Na vijiji viwili vya kwanza viliyafuata, vikaweka programu, kisha vikanitumia meseji moja tu: "Asante, inafanya kazi."

Basi! Asante ya meseji! Hata chai sikualikwa.

Kijiji cha tatu kilikuwa Idsowe. Hao walikwama kwa sababu kompyuta yao ilikuwa na virusi, wakanipigia simu. Nikaenda. Nikabonyeza hapa na pale kwa nusu saa, nikawaambia tayari. Wewe! Nilichinjiwa kuku. Nikaletewa maji ya kunawa na mama mmoja akiwa amepiga magoti, na mzee wa pale akasimama kunitambulisha: "Huyu ndiye injinia wetu." Injinia! Mimi niliyepata D ya hesabu!

Nikarudi nyumbani nimeshiba, na nikiwa njiani shetani akanipitia. Nikajiuliza: kwa nini watu waweze bila mimi?

Kesho yake nikayashika yale maelezo, nikayaharibu. Kwanza niliyageuza yote yakawa Kiingereza, tena kile Kiingereza cha kutisha ambacho hata mimi nilikuwa nakitafuta kwenye kamusi. Mifano ya mistari, ambayo mtu alikuwa anainakili kwa kugusa tu, nikaipiga picha za skrini na kuzibandika hizo picha. Picha hainakiliki. Utakaa uandike herufi moja moja, ukikosea nukta umekwisha.

Hayo mawili ni utundu, ningeweza kusamehewa. La tatu ndilo lililonitia hatiani. Kwenye picha ya mfano mkuu niliufuta mstari mmoja. Ule mstari unaoiambia programu kijiji ni kipi na orodha ya namba za watu iko wapi. Bila huo mstari programu inaamka, inapiga hesabu zake, inaandika kwa herufi kubwa TAYARI, kisha haimtumii mtu yeyote kitu chochote. Haijui itume wapi.

Mke wangu aliniona nikicheka peke yangu mbele ya kompyuta. "Una nini?"

"Biashara," nikamwambia.

"Biashara ya bure?"

"Subiri uone."

Na akaona! Simu zilianza kuingia. Injinia tumekwama. Injinia njoo. Nilienda kila mahali. Nilikuwa naingia na begi la kompyuta mgongoni, nakunja uso kama daktari, nauandika ule mstari mmoja nikiwa nimewapa watu mgongo, halafu napiga mwayo kuonyesha kazi ilikuwa nzito. Nilikula kuku, nikala kambare wa kuchoma, nikala wali wa nazi hadi suruali zikaanza kunikataa. Mungu nisamehe, nilikuwa na raha.

Sasa niwaambie kuhusu Kilelengwani, maana huko ndiko nilikoumbuka.

Kilelengwani ndiko alikozaliwa mke wangu, na ndiko anakoishi mama yake. Mama mkwe wangu analima mpunga na kundi la akina mama wenzake. Mke wangu naye ana kipande chake kidogo pale pale, kando ya shamba la mama. Ni kina mama wa kazi. Mpunga ukianza kuiva wanashinda shambani kuamia ndege wasile, na kila siku mmoja wao ana zamu ya kwenda kuangalia mti wa kipimo ukingoni mwa mto, kama maji yamepanda.

Katibu wao wa mambo ya barua na simu ni Mwalimu Jilo. Huyu ni mwalimu mstaafu, macho yalimwishia zamani, haoni kabisa. Lakini simu yake inaongea. Anagusa skrini, nayo inamsomea kwa sauti, haraka haraka, mtu mwingine haambulii neno. Yeye anasikia kila kitu. Ukimwandikia meseji yenye makosa ya tahajia anakupigia kukusahihisha.

Mwalimu Jilo akayafungua maelezo yangu. Akanipigia.

"Mwanangu, hujambo?"

"Sijambo Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba. Sikiliza. Simu yangu inasoma maelezo yako. Kiingereza nimekielewa, ingawa kimenichosha. Lakini ikifika kwenye mifano inaniambia 'picha'. Nikisogea mbele, 'picha'. Tena, 'picha'. Sasa mimi nifanye nini na picha?"

Nilitakiwa nione haya pale pale. Badala yake nikahesabu siku. "Usijali Mwalimu, nitakuja Jumamosi niwawekee mwenyewe."

Jumamosi ilipofika nikaitwa kijiji kingine, na nikasikia huko kuna mbuzi. Nikaenda kwenye mbuzi. Jumamosi iliyofuata pia sikwenda. Mwalimu hakulalamika. Alimwita Hadia, mama mmoja wa kundi, mwenye miwani, aliyewahi kuuza katika duka la dawa, akaketi naye kwenye kompyuta ya kundi. Hadia akawa anazisoma zile picha herufi moja moja, Mwalimu anaandika. Mwalimu anapiga chapa bila kuangalia, vidole vyake vinajua vitufe. Walifanya hivyo kutwa nzima.

Jioni akanipigia tena, sauti imejaa furaha. "Mwanangu, tumeweza! Imeandika Tayari!"

Hapa ndipo pananiuma. Hapa. Ningesema tu, "Mwalimu, ongeza mstari mmoja," ningeutamka kwenye simu na hii stori isingekuwepo. Lakini nilikasirika. Ndiyo, nilikasirika kwamba kipofu na mama wa miwani wamejaribu kuniruka! Nikajisemea, acha, watagundua haitumi, watanitafuta wenyewe, na safari hii watanibembeleza.

"Hongera sana Mwalimu," nikasema.

Hadia, nilikuja kuambiwa baadaye, aliuliza mbona hawajapata meseji hata moja. Mwalimu akamjibu, "Maji hayajapanda, meseji ya nini?" Na kweli, mtu atajuaje? Programu imesema Tayari. Basi wakaitana kikao, Mwalimu akawatangazia akina mama kwamba kuanzia leo hakuna haja ya zamu ya mtoni, simu zitawaambia. Wakapiga vigelegele. Ile zamu ikafa.

Wiki haikupita nikawa Idsowe. Nilikuwa nimeenda "kukagua mtambo", maneno yangu hayo, mtambo wenyewe ukiwa mzima kama nilivyouacha. Nimeketi mkekani, sahani iko mbele yangu, mara simu za pale nyumbani zikalia zote kwa pamoja. Tii! Tii! Tii! Meseji: maji yanapanda, vuneni leo. Watu wakainuka, wengine wanatafuta visu, wengine magunia. Mzee akanipiga bega: "Injinia, Mungu akubariki."

Paja la kuku lilisimama njiani kuelekea mdomoni. Nilikumbuka Kilelengwani.

Kilelengwani iko chini zaidi mtoni, maji yalikuwa bado hayajawafika. Muda ulikuwepo. Na mimi nilifanya nini? Niandike ukweli kwa kuwa nimeanza kuungama: nilimaliza paja kwanza. Nilijiambia dakika tano hazitaharibu kitu. Ndipo nikampigia Mwalimu. Hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Baadaye nilijua simu yake ilikuwa imeishiwa chaji, nayo ilikuwa inachajiwa kwa jirani mwenye sola.

Namba ya Hadia sikuwa nayo. Namba ya mama mkwe ninayo. Lakini ninyi mnajua ukwe ulivyo kwetu. Sijawahi kumpigia mama mkwe simu tangu nioe! Nikiwa na neno namwambia mke wangu, naye anamwambia mama yake. Mbele yake hata kula sili, nageuka pembeni. Na nimpigie nimwambie nini? "Mama, mtambo wenu haufanyi kazi, na najua haufanyi kazi, kwa sababu mimi ndiye..." Nikaiangalia ile namba. Nikaiangalia sana. Nikairudisha simu mfukoni.

Nikajifariji kwamba pengine wataona wenyewe mto umejaa. Nikampigia mke wangu, hakushika, alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nikamtumia meseji ya kijinga: "Waulize nyumbani kama wako salama." Hakuelewa maana yake, akaiacha.

Kesho yake asubuhi nilichukua pikipiki nikaenda. Nilipofika, maji yalikuwa yameshaingia mashambani. Akina mama walikuwa ndani ya maji hadi kiunoni, wanakata masuke kwa kupapasa. Mpunga ulioiva, bado siku chache tu uvunwe! Walichookoa kilikuwa kidogo, tena kimelowa. Hakuna aliyekufa wala kuumia, namshukuru Mungu mpaka leo. Lakini mpunga ulikwenda, na kipande cha mke wangu kilikwenda nao.

Mama mkwe alitoka majini, leso imemganda mwilini, akaniona nimesimama pale mkavu na begi langu. "Mkwe," akasema, "umekuja kutusaidia? Mungu akulipe." Nilitamani ardhi ipasuke.

Mambo hayakuishia hapo. Walipokusanyika kwenye kivuli kukausha nguo, Mwalimu Jilo alisimama na fimbo yake. "Akina mama," akasema, "lawama ni yangu. Mimi ndiye niliyewaambia muache zamu. Macho yangu hayaoni, nimekosea kuandika mahali. Nisameheni." Halafu mzee wa watu akalia.

Na mimi nikanyamaza! Jamani, nikanyamaza! Tena nikamshika mkono nikamwambia, "Pole Mwalimu, hutokea."

Hutokea! Nikikumbuka hilo neno najipiga kofi.

Mwalimu akafuta uso. "Mwanangu," akasema, "nisaidie jambo moja. Keti hapa unisomee yale maelezo yako neno kwa neno, picha zote. Nataka nijue nilikosea wapi."

Ningekimbilia wapi? Kompyuta ya kundi ikaletwa. Akina mama wakakaa wakanizunguka, mama mkwe akakaa nyuma kidogo, upande, kama heshima inavyotaka. Nikaanza kusoma. Nasoma, Mwalimu anatikisa kichwa: "Hapo tuliandika hivyo. Endelea." Nasoma. "Hapo pia sawa. Endelea." Jasho likaanza kunitoka masikioni.

Nilipokaribia pale penye mstari uliokosekana, akili yangu ikafanya ujanja wake wa mwisho. Nikajisemea, huyu haoni. Nikausoma ule mstari kana kwamba upo! Jina la kijiji, orodha ya namba, wote, kwa sauti kavu kabisa.

Mwalimu akashtuka. "Eh! Huo hatukuandika!"

"Basi ndio hapo mlipokosea, Mwalimu."

Mwalimu akainamisha kichwa. Nikaanza kuvuta pumzi.

Hadia akavaa miwani yake. Akasogea. Akaweka kidole kwenye skrini, akakishusha pole pole, mstari mmoja, wa pili, wa tatu. Akarudi juu. Akashuka tena.

"Kaka," akasema, "mbona umesoma kitu ambacho hakipo?"

Nikasema kompyuta hii skrini yake mbovu. Akatoa simu yake, akafungua maelezo yale yale. Haupo. Mama mwingine akatoa yake. Haupo. Simu zikawa zinanyooshwa mbele ya uso wangu, zote hazina huo mstari. Mama mmoja mnene, mcheshi, akauliza, "Labda umeandikwa tumboni mwake?" Wakacheka. Jamani akina mama wa Kilelengwani wanajua kucheka mtu!

Ndipo nikaeleza. Yote. Asante ya meseji, kuku wa Idsowe, picha, mstari, mpaka lile paja. Sijui kwa nini nililitaja paja, lilitoka tu.

Mnajua Mwalimu alifanya nini? Alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe sikukosea!" akasema. "Hadia, hatukukosea! Tuliandika sawasawa!" Alifurahi kama mwanafunzi aliyerudishiwa alama zake. Furaha yake ilinichoma kuliko matusi.

Mama mkwe hakucheka. Aliinuka, akakamua pindo la leso yake, akaenda zake bila kuniangalia. Nyumbani nako mke wangu alipopata habari alinihamishia godoro dukani. Nililala kati ya chaja na kava za simu mpaka nikazoea harufu ya plastiki.

Mwalimu ndiye aliyenipa kazi. "Utayaandika upya," akasema. "Kwa Kiswahili. Bila picha. Na hutayatoa mpaka simu yangu iyasome na mimi niiweke programu peke yangu, wewe ukiwa Garsen na mdomo wako umeufunga."

Nikaandika, nikamtumia. Akanipigia: "'Sanidi mazingira' ndiyo nini? Mama shambani anasanidi mazingira?" Nikarekebisha. Akapiga tena: "Mfano wako una jina la kijiji cha uongo. Nimenakili kama ulivyosema, sasa programu inatafuta kijiji kisichokuwepo. Mwambie mtu wazi: futa hapa, andika jina la kijiji chako." Nikarekebisha. Akapiga: "Na hiyo Tayari yako! Kama haina mtu wa kumtumia, iseme haina. Isidanganye." Hiyo nilirekebisha usiku ule ule. Alinirudisha mara nyingi mpaka nikamchukia, halafu nikampenda.

Siku aliyofaulu peke yake hakunipigia kuniambia. Niliona tu meseji ya majaribio kutoka kwenye mtambo wao imeingia kwenye simu yangu.

Sasa nyumba yake imekuwa darasa. Anaiweka simu mezani inasoma maelezo kwa sauti, akina mama wanasikiliza wakipeta mchele, wasiojua kusoma wanazikariri hatua kwa masikio. Vijiji vingine navyo vinanakili mifano bila shida. Simu yangu imekuwa bubu. Hakuna injinia, hakuna kuku, suruali zote zinanitosha. Zamu ya mtoni pia wameirudisha, wanasema hawawezi kumwamini mtu mara mbili, na siwalaumu.

Wewe unayesoma hapa, ambaye una kitu unakijua na wenzako hawakijui, iwe ni kompyuta, iwe ni dawa ya mifugo, iwe ni kujaza fomu za ofisini: usifiche mstari. Utaona raha, sitakudanganya, mimi niliiona. Lakini atakayezama ni mtu wako mwenyewe, na atakushukuru huku anazama, na huko kushukuriwa ndiko kutakakokuua.

Juzi nilikuwa dukani, wateja wamejaa, meseji ikaingia. Ilitoka kwenye mtambo wa Kilelengwani, kwa ajili ya kile kipande cha mke wangu: maji yanapanda, vuneni leo. Chini yake kulikuwa na jina la aliyesimamia mtambo siku hiyo. Nililisoma mara mbili. Lilikuwa jina la mama mkwe.

Kabla sijaiweka simu, ikaita. Namba yake. Mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kunipigia tangu nimuoe binti yake, na ambaye hakuwa amenisemesha tangu siku ile ya mpunga. Niliitika nimesimama, nimevua kofia.

"Mkwe," akasema taratibu, na nyuma yake nilisikia akina mama wakizuia kicheko. "Ile meseji umeielewa, au nije nikueleze mwenyewe?"

"Nimeelewa, mama," nikasema. "Imeandikwa wazi."